Redishati si kadi nyekundu, wala si kukariri darasa

Nimeisikia tena Jumamosi, tena kwa mtu ninayemheshimu kwa kuijua futiboli ya Kimarekani, akimsema kwotabeki, yule mrushaji mpira wa timu: "Yule kwotabeki alipigwa redishati, yaani alifungiwa mwaka mzima." Jirani yake akamsahihisha: hakufungiwa, alifeli masomo, akakariri. Nilikaa kimya kwa sababu mechi ilikuwa imeshika moto. Sasa imekwisha, nami naandika.

Redishati ni mwanafunzi anayemaliza msimu bila kuchezeshwa mechi za ushindani, au akichezeshwa chache tu, ili msimu huo usihesabiwe kwenye hesabu yake. Kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilimpa mchezaji misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano tangu aanze masomo chuoni. Ule mwaka unaozidi ndio mlango wa redishati. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachotuponza ni rangi. Neno lenyewe ni shati jekundu, na kwetu tuliolelewa na soka, wekundu uwanjani ni refa kutia mkono mfukoni na mtu kutoka kichwa chini. Lakini kadi nyekundu ililetwa kwenye Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Neno la redishati linasimuliwa kuwa na asili ya miongo mitatu kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Nebraska. Mwaka 1937 kijana mmoja, Warren Alfson, alitazama kikosi akaona mbele yake wamejaa wakongwe. Akaomba mwenyewe afanye mazoezi na wenzake bila kucheza, asije akauchoma msimu wake kwa kusugua benchi. Mazoezini akawa anavaa shati jekundu lisilo na namba. Alikuwa gadi, mchezaji wa mstari wa mbele, si kwotabeki, na mwaka 1940 alitajwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vyote vya nchi. Huyo ndiye baba wa neno, na aliliomba shati lake. Nani anaomba kadi nyekundu?

Kuna na mkanganyiko mwingine, wa makwotabeki peke yao. Ukitazama picha za mazoezi utaona kwotabeki amevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, mara nyingi nyekundu. Hiyo ni ishara kwa walinzi, wale wanaozuia mashambulizi, kwamba huyu asiangushwe, mkono wake ndio unaorusha mpira wa timu nzima. Anayeivaa huenda ndiye nyota atakayeanza mechi ya Jumamosi. Haimhusu redishati hata kidogo. Redishati wa leo huvaa jezi kama wenzake.

Kinachoniuma zaidi ni hili la kukariri. Anayekariri amerudishwa nyuma: wenzake wanapanda darasa, yeye anabaki. Redishati anasoma na kufanya mitihani, na anapanda mwaka wa masomo kama kawaida. Mazoezini ndiye huyo anayeambiwa aigize kwotabeki wa timu watakayokutana nayo, ili walinzi wao wamzoee. Kazi anafanya, tena ya jasho. Kilichosimama ni hesabu ya misimu yake, nayo imesimama kama fedha ya kibubu: ipo, haijavunjwa.

Mtazame Joe Burrow. Aliingia Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2015 akawekwa redishati. Misimu ya 2016 na 2017 alikuwa kwotabeki wa akiba, akiingizwa dakika chache. Mwaka 2018, akiwa ameshapata shahada yake, akahamia LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na kurusha pasi 16 za tachidauni, yaani zilizozaa bao. Si haba, lakini si za kusimamisha nchi. Hesabu sasa: 2016, 2017, 2018. Misimu mitatu. Wa nne ukawa 2019, na ndio ule wa pasi 60 za tachidauni, tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, mechi 15 bila kupoteza hata moja, na ubingwa wa taifa mbele ya Clemson kwa 42 kwa 25. Miezi michache baadaye Cincinnati Bengals, timu ya ligi ya kulipwa, wakamchagua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote waliotoka vyuoni.

Kanuni za mwaka 2015 zilikuwa kali: mchezo mmoja tu uwanjani, ukiacha mambo ya majeraha, ulitosha kuuchoma msimu. Angeingizwa mara moja mwaka ule, msimu wa nne ungekuwa 2018, na 2019 isingekuwepo kwake chuoni. Mwaka huo wa 2015, watu wanaouita wa kupotea, ndio uliomnunulia mwaka wa dhahabu. Kanuni ililegezwa mwaka 2018, mchezaji akaruhusiwa kucheza hadi mechi nne na bado akabaki redishati. Ndiyo maana utamwona mtu uwanjani mwezi wa Novemba, halafu msimu unaofuata anatajwa kama hajawahi kucheza.

Hapo tena watu hujikwaa kwenye "mwaka wa kwanza". Johnny Manziel wa Texas A&M ndiye mchezaji wa kwanza aliyetwaa Heisman akiwa wa mwaka wa kwanza, mwaka 2012. Kweli kabisa. Lakini chuoni alikuwa tangu 2011, akiwa redishati. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa kucheza, wa masomo ulikwishapita. Jameis Winston wa Florida State, aliyeitwaa mwaka uliofuata, naye ni vivyo hivyo. Orodha za wachezaji huweka herufi RS mbele ya mwaka wa mchezaji kwa sababu hii hii, na ukizizoea utasoma umri wa kikosi vizuri zaidi.

Kwa hiyo, kaka zangu wa Jumamosi, yule kijana hakufungiwa na wala hakukariri. Mazoezini alikuwepo wiki zote, darasani pia. Msimu wake wa kwanza ndio huu tunaoutazama.