Je, wajua kwa nini mawe ya makaburi ya Wayahudi mjini Prague yamebanana vile?

Ukitazama picha ya Makaburi ya Kale ya Wayahudi mjini Prague, Jamhuri ya Cheki, kinachokushika jicho kwanza ni msongamano. Mawe yamesimama bega kwa bega, mengine yameegemeana kama abiria waliosinzia kwenye daladala. Kati ya jiwe na jiwe pengine hapapiti hata mguu. Sasa mtu mzima amelazwaje hapo?

Kwa miaka mingi niliamini jibu nililolisikia shuleni, kwamba maiti walizikwa wima ili kubana nafasi. Si kweli. Mila ya Kiyahudi inataka maiti alazwe ardhini na asisumbuliwe tena. Nilipolijua hilo nikaingia kwenye kosa la pili, ambalo limeenea zaidi: kwamba kila jiwe lina mtu wake chini yake, pale pale lilipo. Nikasoma kuna mawe kama 12,000, nikahitimisha wamezikwa watu 12,000. Hilo nalo si kweli, na ndilo linalofanya wengi wasielewe wanachokiona pale. Idadi ya mawe haikuambii idadi ya watu. Wengine jiwe lao limezama au limevunjika, na kati ya wale ambao jiwe lao lingali limesimama, wengi hawako kwenye udongo linakosimama.

Siri yake iko hivi. Wayahudi wa Prague waliishi kwenye mtaa wao uliobanwa, na kiwanja cha kuzikia kikawa kidogo. Walinunua vipande vya ardhi kila walipoweza, lakini havikutosha. Kufukua mifupa ya zamani ili kupata nafasi hakukubaliki katika sheria yao. Kaburi la mtu ni lake daima. Ila sheria hiyohiyo inaruhusu kuzika juu ya kaburi jingine, mradi kati yao kuwe na udongo wa kimo cha viganja 6, yaani karibu nusu mita. Kwa hiyo wakaleta udongo, wakaumwaga juu ya makaburi ya awali, wakazika tabaka jipya. Nafasi ilipokwisha wakaleta udongo tena.

Na mawe je? Hapa fikiria bweni lenye vitanda vya ghorofa, vile tulivyozoea kuviita dabodeka. Kila mwanafunzi ana kibao cha jina kwenye kitanda chake. Sasa kitanda cha tatu kinawekwa juu ya cha pili, cha nne juu ya cha tatu, na mlangoni huoni tena walio chini. Ili wasisahaulike, kila kinapoongezwa kitanda, vibao vya walio chini vinapandishwa hadi kitanda cha juu kabisa. Baada ya muda kitanda hicho kina vibao vinne au vitano vilivyosongamana, na aliyelala pale ni mmoja tu. Ndivyo ilivyofanyika Prague: udongo ulipoongezwa, jiwe la zamani liling'olewa likasimikwa juu, karibu na jipya. Kwa hiyo jiwe la karne ya 15 linaweza kusimama ubavuni mwa jiwe la karne ya 17, ingawa wenyewe wametenganishwa na mita kadhaa za udongo. Udongo wa kujazia nao ni laini na mizizi ya miti inausukuma, ndiyo maana mawe yameinama.

Husemwa kwamba sehemu nyingine zina matabaka hadi 12. Idadi hiyo ichukuliwe kama makisio, kwa sababu sheria ileile inayomlinda maiti inazuia kuchimba na kuhesabu. Kinachoonekana wazi ni kwamba uwanja umeinuka juu kuliko barabara za jirani, ukashikiliwa na kuta. Mazishi yalikoma mwaka 1787, Kaisari Joseph II alipopiga marufuku kuzika ndani ya mji.

Kwa mtafiti, basi, jiwe ndilo karatasi pekee inayofunguka. Na baadhi ya mawe yanasema hata kwa asiyejua Kiebrania. Kwa rabi Loew, aliyefariki 1609, kuna simba, kwa kuwa ndiyo maana ya jina lake. Kwa David Gans, mwanahistoria na mwanaastronomia aliyefariki 1613, kuna bata bukini, kwa sababu kwa Kijerumani Gans ni bata bukini. Mikono miwili iliyonyooshwa kubariki ni ya ukoo wa makuhani. Napenda sana bukini yule: mtu aliyezitazama nyota maisha yake yote, na kaburini anatambulishwa na ndege wa uani.

Maandishi yaliyofifia ndiyo kazi ngumu. Kishawishi ni kuyasugua kwa brashi ya waya, au kuyapaka chaki na povu la kunyolea. Usifanye. Brashi inamenya ngozi ya jiwe, na povu linaacha kemikali kwenye vinyweleo vyake. Wataalamu hutumia mwanga wa pembeni. Unajua njia ya vumbi: jua la utosini linaificha, jua la magharibi linaonyesha kila unyayo. Taa ikiwekwa ubavuni mwa jiwe, herufi iliyobaki na kina cha ukucha inatupa kivuli na kusomeka.

Zikishasomeka, herufi zinakuwa tarakimu. Aliyesoma falaki huku pwani anaijua hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba, na ya Kiebrania ni ndugu yake. Jiwe kongwe kuliko yote pale ni la Avigdor Kara, rabi na mshairi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi wa Prague ya mwaka 1389 na kuyatungia maombolezo. Mwaka wa kifo chake kwa hesabu ya Kiyahudi ni 5199, na kwa desturi elfu tano huachwa, ikabaki 199: kuf ni 100, tsadi ni 90, tet ni 9. Kwa abjadi yetu ni qafu, swadi na twa, thamani zilezile. Ongeza 1240 (1239 kama mtu alifariki kati ya mwaka mpya wao, ulio karibu na Septemba, na mwisho wa Desemba). Kara alifariki Aprili, kwa hiyo ni 1439.