Mambo linayosingiziwa tenki la mlimani Dodoma

Vilima vya Dodoma ni vya majabali, na baadhi yake vimebeba tenki la maji. Mgeni huelekezwa kwa hilo: shuka kabla ya tenki, pita nyuma ya tenki. Kitu kinachoonekana na kila mtu hakikosi kuzushiwa.

Uzushi uliokomaa kuliko yote ni kwamba maji yanatoka humo humo mlimani, ati kuna chemchemi chini ya zege. Hakuna. Kwa miongo mingi mji huu umekunywa hasa maji ya visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, na pampu ndizo zinazoyapandisha. Hata huko chini hakujazwi na kila mvua. Dodoma hupata milimita zipatazo 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingi huishia juani. Vipimo vya visima hivyo, vilivyowekwa tangu miaka ya 1950, vinaonyesha kuwa akiba hupanda hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kisha hushuka taratibu kwa miaka.

Wengine hushikilia kuwa tenki kubwa ndilo lenye presha. Presha haijali ukubwa, inajali kimo: kila mita 10 kutoka usawa wa maji tenkini hadi kwenye bomba lako ni takriban baa 1 (kipimo cha presha), liwe tenki la lita elfu tano au milioni. Ndiyo maana tambarare hujengewa mnara wenye miguu mirefu, na huku tenki likakalishwa tu juu ya jabali.

Basi na jirani wa tenki hafaidi kama anavyoonewa wivu. Aliyejenga pale kileleni ndiye mwenye bomba linalodondosha. Wa bondeni ndiye linalomrukia usoni, ingawa bomba refu nalo hula presha, hasa asubuhi watu wanapofungua kwa pamoja.

Mbona kuna mgao na tenki lipo? Kwa sababu ni ghala la saa chache tu: hujazwa usiku, hushuka alfajiri. Pampu zikisimama, halichukui muda kukauka.

Na likistaafu je, libomolewe? Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kiitwacho Tangi Bovu, na makondakta hawajachoka kulitaja. Mimi ningeliacha letu lisimame, mradi zege likaguliwe.