Mbunge hana fungu la lami: tunavyolikosea Bunge huku Nyanda za Juu Kusini

Kaa kijiwe chochote cha bodaboda kuanzia Mafinga, Makambako mpaka Mwanjelwa, Bunge lazima litajadiliwa, na watu wanajali kweli, tatizo ni kwamba tunamdai mbunge vitu ambavyo hana, alafu vile alivyonavyo mkononi hatumuulizi hata siku moja na miaka mitano inaisha hivyo hivyo. Ngoja nipitie yale yanayosemwa kila siku.

"Huyu mbunge hajatuletea barabara"

Hii ndo inasikika kuliko zote. Mbunge hana fungu la barabara. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, zile za mitaani na vijijini ni TARURA tangu 2017, maji ya vijijini ni RUWASA, na wote hao bosi wao ni wizara, mbunge hana uwezo wa kumpigia meneja simu akamwambia kesho leta greda. Hela ya maendeleo anayoigusa kwa karibu ni ile ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, yeye ndo mwenyekiti wa kamati yake ila hela zinapitia halmashauri, na ni hela ya kuezeka darasa au kumalizia choo cha shule, haiwezi kuweka lami. Jezi, mipira na rambirambi anazotoa ni mfuko wake, sio kazi tuliyomtuma.

Kazi tuliyomtuma inafanyika Dodoma kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la bajeti, wizara moja moja inaleta makadirio yake na wabunge wanayapitisha kifungu kwa kifungu. Hapo ndo kuna kitu kinaitwa kushika shilingi, yani mbunge asiporidhika anazuia mshahara wa waziri kwa kutaka itolewe shilingi moja, waziri inabidi asimame ajieleze, wenzake wanaweza kuchangia, na mwisho ama anairudisha shilingi ama hoja inapigiwa kura. Muda ukiisha inashuka gilotini, vifungu vilivyobaki vinapita bila mjadala. Kwaiyo mbunge akija jimboni muulize alishika shilingi ya waziri gani, kwa jambo gani la huku kwetu, na aliirudisha baada ya kupewa ahadi ipi. Hayo ana uwezo nayo asilimia zote na hana wa kumsingizia. Alafu yeye pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na barabara ya kata yako inaanza kuwa ajenda kule kabla haijafika Dodoma, kwaiyo ulizia na mahudhurio yake kule.

"Tumepata Spika, tumepata waziri, neema imefika"

Sisi huku tuna historia na kiti cha Spika. Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikikalia kuanzia 1962 mpaka 1994, ukitoa kipindi kifupi cha 1973 hadi 1975. Anne Makinda wa Njombe Kusini akawa mwanamke wa kwanza kukikalia, 2010 mpaka 2015. Alafu Februari 2022 akachaguliwa Dkt. Tulia Ackson akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, akaenda mpaka 2025. Kujivunia ni halali kabisa, mimi mwenyewe najivunia.

Ila kazi ya Spika ni kuongoza kikao, kutoa nafasi ya kuchangia, kuamua mambo ya kanuni. Hasimami kama mbunge wa kawaida kumuuliza waziri kuhusu maji ya jimbo lake, kuna njia nyingine za kulisemea jimbo ila ile sauti ya ukumbini haipo. Wala sio lazima Spika awe mbunge, Katiba ibara ya 84 inaruhusu mtu yeyote mwenye sifa za kuwa mbunge. Waziri naye ni hivyo hivyo, mawaziri wanateuliwa kutoka kwa wabunge hao hao, na akishateuliwa anakaa upande wa kujibu maswali, hawezi kuibana serikali ambayo yeye ndo serikali. Kwaiyo jimbo likipata waziri tunapiga vigelegele, na siku hiyo hiyo tumempoteza mtu wetu wa kuhoji. Mi naona hili halisemwi vya kutosha.

"Wabunge ndo wanatupangia kodi"

Nusu kweli nusu sio. Ibara ya 99 inasema mambo ya kuweka kodi au kuiongeza, na kutoa hela kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, lazima yaletwe na serikali yenyewe kupitia waziri. Mbunge hawezi kuamka na muswada wake wa kuongeza kodi au matumizi. Kupunguza anaruhusiwa, kuongeza hapana.

Ila bila kura ya wabunge haipiti, na hapo ndo tunawaachia waponyoke. Kumbuka tozo za miamala ya simu 2021, makelele yalianza katikati ya Julai makato yalipoanza kuonekana, waziri wa fedha akasemwa kila kona, wakati ile kitu ilipitia kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha bungeni mwezi mmoja kabla na wabunge wetu walikuwemo ukumbini. Mkulima wa viazi aliyetumiwa hela ya mauzo kutoka Dar akakatwa mara mbili tatu, hakuwahi kujua kwamba mwakilishi wake alishaulizwa akajibu.

Kuna ka sababu kanakofanya bajeti isikataliwe. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kuvunja Bunge likikataa bajeti ya serikali, na Bunge likivunjwa kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, wote mnarudi kwa wananchi. Mbunge aliyetoka kumaliza madeni ya kampeni hawezi kucheza na jambo kama hilo.

"Bunge la ndiyooo, halijawahi kufanya kitu"

Naelewa hasira. Ila sio kweli, na ushahidi uko kwetu. Kamati teule ya Richmond, ile kampuni ya mkataba tata wa umeme wa dharura, iliongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, na ripoti yake ndo ilifanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Sakata la Escrow 2014, la hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, lilichambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, mwenyekiti akiwa Zitto Kabwe na makamu wake Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM kabisa, na Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba mwaka huo. Angalia vizuri, mara zote mbili kazi ilifanywa kwenye kamati, watu wachache wanasoma makaratasi na kuhoji maofisa. Sisi tunaangalia tu nani kaongea kwa mbwembwe kwenye tivii.

Na sheria nayo sio kwamba Rais akigoma kusaini basi imekufa. Anaurudisha muswada na sababu zake, wabunge theluthi mbili wakiukomalia ndani ya miezi sita unarudi kwake, ana siku 21 asaini au avunje Bunge. Waziri Mkuu pia anaweza kuondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Nguvu zipo kwenye karatasi, kwanini hazitumiki, jibu liko kwenye kipengele kinachofuata.

"Tumemchagua sisi, tutamtoa sisi"

Hapa ndo panauma. Mwananchi hana njia ya kumrudisha mbunge nyumbani katikati ya muhula, hata asipokanyaga jimboni. Chama chake kinayo. Ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umeisha, na mgombea binafsi hana nafasi kwenye sheria zetu. Sasa jiweke wewe kwenye kiti chake, wizara inaleta kitu kinachoumiza wakulima wa Mbozi, chama kimeshakaa kikao chake na kimekubaliana, wewe una mkopo benki na ukifukuzwa uanachama unatoka na begi lako, utasema sio? Wapo waliosema. Wachache. Mimi naamini kabisa hiki kifungu kimoja kinaeleza tabia ya Bunge kuliko maneno yote ya uoga wa fulani na fulani, na mjadala wa katiba mpya ukirudi hiki kiwe cha kwanza kwa watu wa huku.

Vingine kwa haraka. Kinga ya mbunge ni ya anayoyasema bungeni, ibara ya 100, haimfuati kwenye jukwaa: Joseph Mbilinyi akiwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini alihukumiwa miezi mitano 2018 kwa maneno ya mkutano wa hadhara hapa hapa Mbeya. Na jimbo la Uyole, lililokatwa kutoka Mbeya Mjini, halikukatwa na Bunge wala mbunge, kugawa majimbo ni kazi ya Tume ya Uchaguzi kwa kibali cha Rais.

"Mpaka uchaguzi ndo tuna sauti"

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unaenda kamati, na kamati inaita wadau watoe maoni, kwa mdomo au kwa maandishi. Vyama vya wafanyabiashara na mabenki hawakosi pale, wanaenda na makaratasi yaliyopangwa, kifungu namba fulani tunaomba kisomeke hivi. Wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe wanaweza kupeleka barua yao vile vile, hata kupitia ushirika, hakuna sheria inayosema uwe na ofisi Dar. Barua iwe fupi, itaje kifungu, iseme hasara ni nini. Ila iende mapema, maana muswada ukija kwa hati ya dharura siku zinakuwa chache sana. Na bajeti kuu mwezi Juni inapigiwa kura kwa kuitwa jina mmoja mmoja, jibu la kila mbunge linaandikwa kwenye Hansadi, yani kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge, na Hansadi iko bure kwenye tovuti ya Bunge, unafungua na simu yako unatafuta jina la mbunge wako.