Je, wajua kwa nini kutembea hulinda moyo hata kilo zisipopungua?

Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 31, alitembea kila jioni kwa miezi miwili, kisha akaacha. Alipanda mzani akakuta kilo zilezile 84, akavua raba na kuzisukumia uvunguni mwa kitanda. Nikamwambia amefanya sawa. Nilikosea, na kosa hilo wengi tunalo: tunadhani mazoezi huusaidia moyo kwa kuyeyusha mafuta tu, kwa hiyo asiyepungua anajisumbua bure.

Nchini Marekani, wauguzi wanawake 97,230 wenye umri wa miaka 27 hadi 44 walifuatiliwa kwa miaka 20 kuanzia 1991. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi zaidi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo pungufu kwa asilimia 25, wakilinganishwa na wasiofanya karibu lolote. Nafuu hiyo ilionekana kwa wembamba na kwa wanene. Kukimbia hakukuwa lazima. Hata waliotembea kwa kasi walinufaika. Wala idadi ya siku haikuwa na uzito, mradi jumla ya muda kwa wiki ilitosha. Mdogo wangu, anayeshinda dukani Jumatatu hadi Ijumaa, angeweza kutembea Jumamosi na Jumapili tu.

Basi kinga hiyo inatoka wapi? Tuchungulie ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Ukuta wake umetandikwa utando wenye unene wa seli moja, na seli hizo huhisi damu inavyopita. Ukitembea kwa kasi, damu nyingi zaidi huusugua utando huo, kama maji ya mto yanavyosugua majani ya kingoni. Majani hulala kuelekea yanakokwenda maji; seli nazo hurefuka na kujipanga kufuata mkondo. Zikisuguliwa hivyo hutoa nitriki oksidi, gesi ileile iliyomo kwenye moshi wa magari! Humo mshipani, kwa kiasi kidogo mno, huilegeza misuli ya ukuta wa mshipa, njia ikapanuka, na huzuia damu kuganda ovyo. Waliogundua kazi yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Na kama vile takataka za mto hutuama pale maji yanapozungukazunguka, mafuta hupenda kuanza kujikusanya kwenye njia panda za mishipa, ambako mkondo umevurugika.

Hii haina maana kwamba unene hauna madhara. Bado huchochea kisukari na shinikizo la damu. Tena katika wauguzi wote hao waliougua ni 544, kwa kuwa umri huo ugonjwa wenyewe ni nadra. Wauguzi wote walijieleza wenyewe kwenye dodoso, na waliulizwa mazoezi ya wakati wa mapumziko pekee. Kubeba ndoo kutoka bombani au kulima tangu alfajiri hakukuingia kwenye hesabu, kwa hiyo asilimia 25 ile haimsemei mwanamke ambaye kazi yake yenyewe ndiyo jasho.