Mwanzo 1 haiishii kwenye mstari wa 31

Ukipangiwa kusoma habari za uumbaji kanisani, mara nyingi utasoma Mwanzo sura ya 1 hadi pale Mungu alipoona kila kitu ni chema sana, kisha utafunga Biblia. Jumapili inayofuata mhubiri anaingia sura ya 2, na mistari mitatu ya kwanza anaipita mbio kwa sababu ana hamu ya kufika Edeni. Mimi nafundisha Agano la Kale, na kwa kifungu hiki ombi langu ni moja: soma bila kusimama mpaka Mwanzo 2:3.

Mwandishi hakuigawa sura pale. Sura tunazotumia leo zinahusishwa na Stephen Langton, mwalimu wa Paris aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207. Kwa sehemu kubwa zimetusaidia, lakini hapa zimetuponza, maana siku ya saba imekatwa ikaachwa upande wa pili kama kiambatisho.

Sina subira na watu wanaosaka namba za siri ndani ya Biblia. Hata hivyo, hapa namba haziko sirini. Kwa Kiebrania mstari wa kwanza una maneno 7, wa pili una 14. Mungu anatajwa mara 35 kuanzia 1:1 hadi 2:3, na nchi mara 21. Ukiishia 1:31 hesabu hizo hazitimii: Mungu anabaki na 32, nchi 20. Aliyekitunga kifungu hiki alikuwa anahesabu kwa saba, na hesabu yake inafungwa siku ya saba.

Tazama pia mpangilio wa siku zenyewe. Siku ya kwanza nuru, ya nne mianga. Siku ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki. Siku ya tatu nchi kavu na mimea, ya sita wanyama na mwanadamu. Tatu za kwanza zinaandaa mahali, tatu zinazofuata zinaleta wakazi wake. Siku ya saba haina pacha. Na yale maneno "ikawa jioni ikawa asubuhi", ambayo tumeyasikia siku zote sita, kwake hayapo. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, anafundisha kwamba raha ile ya Mungu ingali wazi watu waingie. Huenda naye aliliona pengo hilo.

Kuna utata kidogo katika 2:2. Kiebrania kinasema Mungu alimaliza kazi yake siku ya saba. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema siku ya sita, na Torati ya Wasamaria vilevile. Ni rahisi kuona kwa nini: kama kazi ilimalizika siku ya saba, basi si alifanya kazi siku ya saba? Naona Kiebrania ndicho kilichohifadhi usomaji wa asili, kwa kuwa mnakili huelekea kurahisisha neno gumu, si kuligumisha lililo rahisi. Na maana yake inakaa vizuri: kazi haihesabiwi imekwisha mpaka mwenyewe ameiacha.

Sasa swali ambalo kwetu haliepukiki, hasa ukiishi jirani na Waislamu: kama Mungu alistarehe siku ya saba, ina maana alichoka? Qurani, katika sura Qaf aya ya 38, inasema Mungu aliumba mbingu na ardhi kwa siku sita na uchovu haukumgusa. Mkristo anayesikia hivyo asikimbilie kubishana, kwa sababu Isaya 40:28 inasema lile lile: Muumba hazimii wala hachoki. Katika Mwanzo 1 hakuna hata dalili ya jasho. Mungu anasema, inakuwa. Kustarehe kwake inabidi tukutafutie maana nyingine.

Mimi naitafuta kwenye maskani, lile hema la ibada la Israeli kule jangwani. Soma Kutoka 39 na 40 ukiwa na Mwanzo 2 mkononi. Kazi yote ya maskani inamalizika, Musa anaiona kazi yote, Musa anawabariki watu, Musa anaimaliza kazi, na papo hapo utukufu wa BWANA unaijaza. Ni lugha ile ile ya uumbaji. Zaburi 132 nayo inaiita Sayuni mahali pa raha ya Mungu, mahali alipochagua kukaa. Basi siku ya saba Mungu anaingia katika nyumba aliyoijenga na kutawala humo, na nyumba hiyo ni ulimwengu mzima.

Linganisha na majirani wa Israeli. Katika hadithi ya Atrahasis kutoka Mesopotamia, iliyotufikia kwenye vibao vya udongo vya karne ya 17 KK, miungu wa daraja la chini wanachimba mifereji hadi wanagoma. Wanachoma zana zao na kuizingira nyumba ya Enlil, mungu mkubwa wao. Suluhisho ni kufinyanga binadamu kwa udongo na damu ya mungu aliyechinjwa, ili abebe mzigo na miungu wapumzike. Katika Mwanzo mwanadamu anaumbwa kwa mfano wa Mungu, anabarikiwa, na siku yake ya kwanza nzima duniani ni ya mapumziko.

Jumamosi au Jumapili? Najua wengine mmesoma mpaka hapa mkingoja hilo tu. Kifungu hiki hakimwamuru mtu yeyote kushika siku, na jina Sabato halimo. Linakuja kwanza katika Kutoka 16, kwenye habari za mana. Lakini Wasabato wana haki ya kutukumbusha kwamba Kutoka 20:11 inaisimamisha amri ya nne, ile ya Sabato, juu ya kifungu hiki hiki, na anayeipita bila kuieleza hajawajibu.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ubishi wa siku ipi hufunika orodha ya wanaopumzika. Kumbukumbu 5 inarudia amri ile na kubadilisha sababu: ulikuwa mtumwa Misri. Kisha inataja kusudi waziwazi, kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe, na ng'ombe na punda wamo, na mgeni yumo. Katika nyumba nyingi za waumini ninazozijua, siku ya ibada ndiyo siku dada wa kazi anaamka mapema kuliko zote: nguo za watoto za kanisani, chai ya watu wanane, pilau ya wageni, vyombo mpaka usiku. Nikifundisha amri ya nne siku hizi, swali la kwanza kwa darasa ni yeye hupumzika lini, na nani huosha vyombo siku hiyo.