Ile siyo solo, ni rifu

Mtangazaji akiweka kibao cha roki ya zamani, gitaa likianza tu kunguruma utamsikia: "Hebu sikia hiyo solo!" Mitandaoni ni yale yale. Kila kinachotoka kwenye gitaa la umeme siku hizi kinaitwa solo.

Rifu ni kipande kifupi, noti chache tu, kinachorudiwarudiwa mpaka wimbo unakuwa umejengwa juu yake. Solo ni pale mpigaji mmoja anapoachiwa uwanja ajimwage huku wenzake wakimsindikiza. Mara nyingi huja mara moja, na jukwaani anaweza kuipiga tofauti kila usiku. Akithubutu kuibadilisha rifu, mashabiki watanung'unika.

Nadhani mkorogano huu tumeutoa kwenye dansi. Katika bendi zetu na za Kongo, solo ni jina la gitaa lenyewe: kuna solo, rithim na besi. Mpiga solo ni mpiga solo tangu wimbo unaanza hadi unakwisha, hata pale sebene imekolea na yeye anarudia kipande kilekile bila kuchoka. Huko ni sahihi kabisa, wala sina ugomvi nako. Tabu inaanza tukiuhamishia msamiati huo kwenye roki, ambako solo ni tukio ndani ya wimbo.

Chukua "Satisfaction" ya bendi ya Rolling Stones ya Uingereza. Rifu yake ina noti tatu. Keith Richards, mpiga gitaa wao, amesimulia kwamba aliirekodi usiku kwenye kinasa sauti cha kaseti akiwa nusu usingizini, na sehemu kubwa ya kanda iliyobaki ilijaa mkoromo wake. Mei 1965 bendi iliujaribu wimbo kwanza Chicago, katika studio za Chess, kisha siku mbili baadaye ikaurekodi upya studio za RCA, Hollywood. Huko Richards alitumia pedali ya Maestro Fuzz-Tone inayokwaruza sauti ya gitaa. Ukiwa na spika nzuri utaisikia ikikanyagwa kuwashwa.

Kwake yeye gitaa lile lilikuwa rasimu tu. Alitaka kipande kile kije kipigwe na matarumbeta, na wimbo ulipotaka kutolewa ulivyo, alipinga. Wenzake wakamzidi kura. Julai mwaka huohuo ukashika namba moja Marekani kwa wiki nne, wa kwanza wao kufika hapo.

Kabla mwaka haujaisha, mwimbaji Otis Redding naye aliurekodi, na kwake kipande kile kinapigwa na matarumbeta na saksafoni, kama Richards alivyotaka. Hakuna aliyeshindwa kuutambua wimbo. Rifu inahama kutoka chombo kimoja hadi kingine na wimbo unabaki uleule. Solo ukiihamisha hivyo, au ukiiondoa kabisa, wimbo bado unaimbika.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, gitaa likirudia kilekile ulichokisikia mwanzoni, na baada ya kiitikio likarudia tena, sema rifu, wala hakuna atakayekucheka. Solo isubiri ifike. Ila kwenye "Satisfaction" usijisumbue kuingoja, kwa sababu solo ya gitaa haimo.