Ngoma kanisani si upagani
Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ngoma kanisani ni upagani, na kwamba kinanda ndicho chombo cha ibada tangu enzi za mitume. Sivyo. Zamani kinanda kilivuma kwenye viwanja vya Warumi, watu wakipigana hadi kufa. Kanisani kiliingia karne nyingi baadaye. Matari na kucheza, tazama, vimo katika Zaburi ya 150! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliupa nafasi muziki wa wenyeji mwaka 1963, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misa ya Zaire (Kongo ya leo), ambamo padre na wahudumu huizunguka altare wakicheza. Parokiani kwetu mpigaji huanika ngoma juani kabla ya misa, ngozi ikaze. Nikimtazama, naona mtu anayejiandaa kusali.